Kupanda Pilipili Nyumbani: Mbegu, Samadi na Fedha ya Kabla ya Mavuno



Tumepokea maswali kutoka kwa dada yetu katika imani, mzaliwa wa Pemba, ambaye yeye na mumewe wamehamia Mbinga, mkoani Ruvuma, kwa ajili ya biashara ya duka. Nyuma ya nyumba ana kiwanja kidogo na ameamua kupanda pilipili. Anasema alisia mbegu mwezi wa Juni, hazikuota. Akasia tena Julai, zikaota chache, nazo zikalala chini zikafa. Mwezi wa Septemba akajaribu mara ya tatu na Alhamdulillah zimeshika, sasa ana miche sitini hivi na imeanza kutoa maua. Jirani yake, mtu mwema asiyekuwa Muislamu, anafuga nguruwe na amemwambia achukue samadi bure, kiasi anachotaka. Na mfanyabiashara mmoja amekuja, ameitazama bustani, akamwambia: nakupa fedha leo, pilipili zote zitakazotoka hapa ni zangu. Ada za watoto zinatakiwa Januari na duka halijaenda vizuri. Anauliza afanye nini, na kwa nini mbegu za mwanzo zilikufa.

Tumeona tuyajibu hapa hadharani, kwa sababu wengi wenu mliopo Unguja na Pemba mna jamaa Bara wenye hali kama yake, na kwa sababu pilipili na mboga zinazouzwa Darajani na Mwanakwerekwe nyingi zinavuka bahari kuja kwetu ilhali nyua zetu zimekaa tupu.

Tuanze na majina, maana yanapoteza watu dukani. Tunayoiita sisi pilipili boga, ile kubwa isiyowasha, Bara wanaiita pilipili hoho. Pilipili mbuzi ni ile nene yenye harufu, na pilipili kichaa ni ile ndogo inayosimama juu kama sindano. Zote hizi ni jamaa moja, asili yake ni bara la Amerika, na zilisambaa ulimwenguni baada ya safari za Wareno na Wahispania. Pilipili manga ni mti mwingine kabisa, wa kutambaa, wenye asili ya India, na maneno yaliyomo humu hayaihusu.

Sasa mbegu. Mbegu ya pilipili inataka joto kuliko inavyotaka kitu chochote. Udongo wenye joto la kati ya nyuzi 25 na 30 utaitoa ndani ya wiki moja hadi mbili, na pilipili mbuzi na kichaa huchelewa zaidi, hata wiki tatu au nne. Udongo ukiwa baridi mbegu hulala tu, na ikilala ndani ya unyevu huoza. Hii ndiyo sababu ya Juni na Julai. Mbinga ni mji wa milimani. Milima ya Umatengo hupanda hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa miezi hiyo huko ni wa kujifunika mablanketi mawili. Aliyezaliwa Wete hajui baridi ya namna hiyo, na pilipili nayo haiijui. Angelikuwa Mbamba Bay, ambako ni kilomita 66 tu kuteremka kutoka Mbinga, asingelipata tabu hiyo, kwani ziwa lenyewe lipo kiasi cha mita 470 na joto la ufukweni linafanana na letu. Tulipoteremka njia ile tuliona jinsi kanzu nzito iliyotufaa asubuhi ilivyokuwa mzigo mchana.

Kwa hivyo anayeishi mlimani ana njia mbili. Asubiri Agosti iishe, au asie mbegu ndani ya nyumba, katika sinia au kopo lililotobolewa chini, aliweke karibu na jiko usiku na kulitoa juani mchana. Mwenye jamaa ufukweni, kule Liuli au Lituhi au Mbamba Bay kwenyewe, anaweza kumwomba amwoteshee miche na kumpandishia kwa gari. Sisi visiwani hatuna hofu ya baridi. Adui wetu ni jua la Januari na Februari, na kitalu kinataka kivuli cha makuti.

Mbegu atoe wapi? Akitaka kutumia za sokoni, achague tunda lililoiva hadi likawa jekundu au manjano kamili, kwani la kijani mbegu zake hazijakomaa. Alipasue, atoe mbegu, azianike kivulini juu ya karatasi siku kadhaa. Asizianike juani wala karibu na moto. Lakini ajue mambo mawili. Boga kubwa zinazofanana zote kama zimechongwa mara nyingi zimetokana na mbegu chotara, na mbegu ya ndani yake haitazaa mfano wa mama yake. La pili, nyuki huchanganya chavua. Boga iliyokua pembeni ya pilipili kichaa huzaa tunda lake tamu kama kawaida, ila mbegu zilizomo ndani yake zinaweza kutoa kizazi kikali. Wapo waliopika mchuzi wa watoto kwa boga la namna hii na nyumba nzima ikalia. Mwenye kutaka mbegu safi atenganishe aina hizo, au anunue pakiti dukani na asome tarehe iliyoandikwa.

Kabla ya kusia, ajaribu mbegu kumi ndani ya kitambaa chenye unyevu, akikunje na kukiweka pahala penye joto. Zikiota saba au nane, mbegu ni nzuri. Zikiota mbili, amejiokolea mwezi mzima wa kungoja bure.

Ile miche ya Julai iliyoota ikalala chini ikafa, huo ni ugonjwa ambao mabwana shamba wanauita kinyausi. Ni ukungu wa udongoni unaokata shina pale linapotoka ardhini, na sababu yake kubwa ni maji mengi, mbegu kubanana na udongo usiopitisha hewa. Udongo wa kitalu uwe mwepesi: udongo mzuri wa juu, samadi iliyooza sawasawa na mchanga kidogo. Visiwani tunaweza kutia vumbi la makumbi ya nazi, nalo linashika maji vizuri mno. Wengi huchoma majani makavu juu ya kitalu, au humwaga maji yaliyochemka na kuacha udongo upoe kabla ya kusia, ili kuua vijidudu. Mbegu zifukiwe kiasi cha nusu sentimita hadi sentimita moja, zisizidi, na maji yatiwe asubuhi. Anayemwagia jioni anaulaza mche ndani ya maji usiku kucha.

Mche ukifika wiki sita hadi nane, una majani manne hadi sita ya kweli, na umezoeshwa jua kidogo kidogo kwa siku saba hivi, unahamishwa. Nafasi kati ya mche na mche iwe sentimita 45 hadi 60, na pilipili mbuzi ipewe zaidi kwani inatanuka. Asipande palipokuwa na nyanya, bilinganya, nyanya chungu au viazi mbatata mwaka uliopita. Mimea hii ni ukoo mmoja na pilipili na magonjwa yao ni mamoja, hususan mnyauko, ambao hauna dawa zaidi ya kung'oa mche na kuutupa mbali.

Tumbaku nayo ni ya ukoo huohuo, na hapa tutasema neno. Upo ugonjwa wa virusi unaoyafanya majani ya tumbaku na ya pilipili kuwa na mabaka na kujikunja, na virusi hivyo hudumu ndani ya sigara na ugoro, kisha hupita kwenye vidole vya mtumiaji hadi kwenye mche. Mabwana shamba wanamtaka kila mwenye kuvuta aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitalu. Hukumu ya tumbaku tumeshaieleza katika majibu yaliyotangulia na hatuirudii. Ila mzee wa nyumba asiyesikia ya sheikh pengine atasikia ya pilipili.

Kuhusu udongo wa mteremko, dada yetu amekaa karibu na walimu bila ya kujua. Wamatengo wana kilimo chao cha ngoro walichorithi kwa wahenga wao tangu zaidi ya miaka mia iliyopita, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao wa Japani wamekwenda kukisoma. Mvua zinapokaribia kwisha, kiasi cha mwezi wa Machi, majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana hadi ikafanya miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya yale majani. Hubaki mashimo mengi yaliyozungukwa na matuta, mlima mzima ukaonekana kama sega la nyuki. Maharage hupandwa juu ya matuta. Mvua ikinyesha maji hutuama shimoni, udongo hauporomoki, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Kazi ya kufyeka na kulaza majani kwa desturi ni ya wanaume, kuchimba na kupanda ni ya wanawake. Wao hawakuitunga kwa ajili ya pilipili, lakini hakuna linalomzuia mtu kutengeneza mashimo matatu au manne ya namna hiyo uani mwake na kupanda miche juu ya matuta, mizizi ikakaa pakavu na unyevu ukawa chini yake. Wenzetu wa Makunduchi na Micheweni, mnaolima juu ya mawe na maji yanazama yote, mashimo yenye majani chini yake yatakufaeni kuliko matuta matupu.

Samadi ndiyo swali lililomtia wasiwasi zaidi, na ana haki. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i (Rahimahu Allah), ambayo ndiyo ya wengi wetu, kinyesi cha mnyama yeyote ni najisi, hata cha ng'ombe na mbuzi. Wanavyuoni wa Maliki na Hanbali wanasema kinyesi cha mnyama anayeliwa nyama yake ni twahara. Pamoja na khitilafu hiyo, Mashafi'i wameruhusu kutia samadi shambani ingawa wameona karaha, na mmea unaoota juu yake ni twahara na tunda lake ni halali, kwa sababu najisi imeshabadilika na kuwa kitu kingine ndani ya mmea. Kinachotakiwa ni kuosha tunda lililorukiwa. Ama kuuza samadi, kwa Mashafi'i biashara ya kitu kilicho najisi haisihi, na Mahanafi wameijuzisha. Kwetu mtu anaweza kulipia kazi ya kuikusanya, kuipakia na kuibeba, na hivyo akatoka kwenye khitilafu.

Samadi ya nguruwe ni najisi nzito. Aliyeigusa ikiwa na unyevu, kwa kauli mashuhuri ya madhehebu, anaosha mara saba moja wapo kwa udongo, ijapokuwa Imam An-Nawawi katika Al-Majmu' aliona kwamba kwa upande wa dalili kuosha mara moja kwa nguruwe ndiyo kauli yenye nguvu. Bustani ipo uani, watoto wanacheza hapo, nguo za sala zinaanikwa hapo. Ushauri wetu ni kwamba aiache, na amshukuru jirani kwa moyo wake mwema. Zikizaa, ampelekee bakuli la pilipili, kwani jirani ana haki hata akiwa si Muislamu. Na kama alikwisha kuitia kabla ya kuuliza, pilipili zake si haramu. Asing'oe kitu.

Tena Mbinga ana kitu bora. Kahawa ya huko humenywa kwa mashine ngali mbichi, na maganda yake hubaki chungu nzima. Yakirundikwa pamoja na majani na majivu kidogo, yakageuzwa kila baada ya wiki mbili, baada ya miezi kadhaa huwa mbolea nyeusi isiyo na najisi ya mtu yeyote. Asiyatie yakiwa mabichi kwa sababu yanaunguza mizizi, kama kinyesi cha kuku kibichi kinavyounguza. Kisiwani maganda hayo hatuna, bali tuna mwani unaotupwa ufukweni, uoshwe chumvi kwanza.

Sasa fedha, nayo ndiyo nzito.

Wakulima wa kahawa wa Mbinga wanalijua neno magoma, na wa Kagera wanaliita butura. Mkulima akishikwa na shida, kahawa ingali mtini, humwendea mwenye fedha, akapewa kiasi, na msimu ukifika akalipa kwa kahawa iliyokadiriwa kwa bei ya chini mno. Viongozi wa serikali wamekuwa wakiikemea kwa miaka na bado ipo, kwa sababu shida ipo. Sasa imeingia kwenye pilipili za dada yetu.

Tuangalie aliloambiwa: pilipili zote zitakazotoka hapa ni zangu, na fedha hii leo. Maua yapo, matunda hayapo. Huku ni kuuza tunda kabla halijadhihiri kufaa kwake, na Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) amelikataza hilo, akamkataza muuzaji na mnunuzi pia, kama alivyopokea Ibn Umar (Radhiya Allahu ‘anhuma) katika Bukhari na Muslim. Sababu yake dada ataiona mwenyewe bustanini: usiku wa baridi huangusha maua ya pilipili, jua kali huyaangusha, vithiripi na vidukari huyanyonya. Mmoja wao atakuja kula mali ya mwenzake bila ya haki. Mapatano haya hayafai, na asiyakubali.

Na kama angeambiwa: nakukopesha laki mbili, utanirudishia laki mbili pamoja na kikapu cha pilipili, hiyo ni riba tupu, jina lolote itakalopewa.

Lakini sheria yetu haikumwacha mwenye shida njia panda. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana leo kwa matunda ya mwakani na ya mwaka unaofuata. Hakulifuta, bali aliliwekea mipaka: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, muda ujulikane. Amepokea Ibn Abbas (Radhiya Allahu ‘anhuma) na ipo katika Sahihi mbili. Hii ndiyo bai'u salam. Dada yetu anaweza kumwambia yule mfanyabiashara: sikuuzii bustani, nakuuzia kilo 40 za pilipili mbuzi, nyekundu, nzima zisizo na doa, nitakukabidhi soko la Mbinga tarehe 15 Machi, na bei yake ni kadhaa. Bei ilipwe yote palepale kabla hawajaachana. Ikicheleweshwa, imekuwa deni kwa deni na haisihi. Pilipili zisifungwe na bustani yake, kwani zimo katika dhima yake. Zikiharibika, atanunua kwengine amkabidhi, au warudishiane fedha ileile bila ya nyongeza. Kwa hivyo asiahidi kilo nyingi kuliko anazoweza kuzinunua sokoni siku ikimlazimu. Waandike, na wawepo mashahidi, kama Qur'ani ilivyoagiza katika Suratul Baqara aya ya 282.

Bei ya salam kwa kawaida huwa chini kuliko ya siku ya mavuno, na hilo halina ubaya, maana mnunuzi ametoa fedha yake mapema. Ila mnunuzi anayemwona mama ana ada ya watoto shingoni akamshusha hadi robo ya thamani, mkataba wake unaweza kusihi kwa karatasi naye akabaki na la kujibu mbele ya Mola wake. Tunawaambia hili wafanyabiashara wetu wa visiwani pia, mnaokwenda kununua mazao Bara. Na mizani iwe kilo. Gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, ni dhulma ya kipimo, na Wakala wa Vipimo nao wanaikataza.

Kabla ya salam, hata hivyo, kuna mlango mwingine. Dada huyu ana kaka na wajomba Pemba. Mkopo mwema usio na ziada ni jambo la jamaa kwanza kabla halijawa la soko, na ada ya watoto wawili kwa familia nzima si mzigo wa kuvunja mgongo. Tumemwandikia awaeleze waziwazi. Watu wetu walioko Bara hawasemi shida zao kwa sababu huku tunadhani kila aliyevuka ametajirika.

Matunda yakishafika ukubwa wa kuliwa, hata yakiwa ya kijani, anaweza kuyauza yakiwa juu ya mti, kwa sababu pilipili huliwa mbichi na hapo kufaa kwake kumedhihiri. Kwa miche iliyopandwa mwishoni mwa Oktoba, tunda la kwanza litachumwa kiasi cha Januari kwa boga, na baadaye kidogo kwa mbuzi na kichaa. Mvua za Ruvuma hukolea kuanzia Disemba, kwa hivyo majani yasiachwe yakagusa udongo. Atandaze nyasi kavu chini, na achume asubuhi umande ukishakauka. Akipuliza dawa ya dukani, asome siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa, na asiuze kabla hazijatimia. Anayechuma leo alichokipulizia jana na kukipeleka sokoni amewadhuru watu, na amewaficha aibu ya bidhaa.

Ndege nao watakuja, hasa kwenye pilipili kichaa. Ukali unaotutoa sisi machozi wao hawauhisi, na mbegu hupita tumboni mwao salama ikaota mbali chini ya ua la mtu mwingine. Ndiyo maana kichaa huonekana kuota pasipopandwa. Katika hadithi ya Anas bin Malik iliyomo katika Bukhari na Muslim, ndege ametajwa kwa jina pamoja na mtu na mnyama: wanachokila katika alichokipanda Muislamu huandikwa sadaka yake. Basi asiwawekee sumu.

Amemalizia kwa kuuliza zaka. Kwa Mashafi'i hakuna zaka ya mazao katika mboga na pilipili, kwa sababu si chakula kikuu kinachowekwa akiba, na hiyo ndiyo kauli ya wanavyuoni walio wengi. Imam Abu Hanifa anaiwajibisha katika kila kinachooteshwa na ardhi, kidogo au kingi: sehemu moja ya kumi kwa kinachonyweshwa na mvua, na nusu yake kwa kinachomwagiliwa kwa kazi. Tunayoifuata ni ya wengi. Fedha atakazopata kwa kuuza, zikifika nisabu peke yake au pamoja na fedha nyingine alizonazo, na zikapitiwa na mwaka, zitatolewa zaka ya fedha. Akilipia ada zikaisha kabla ya mwaka, hana zaka juu yake. Wallahu a'lam.